Kifaru cha Karatasi cha Mjomba Longino

Hivi majuzi mwanangu wa mwisho aliugua tetekuwanga, nikachemsha majani ya mwarobaini ya kumwogeshea. Jiko la pili lilikuwa na uji wa muhogo. Nilipofunua masufuria yote mawili kwa pamoja, mvuke ulichanganyika ukanipiga usoni, nikalazimika kuvuta kigoda na kukaa. Harufu ya muhogo yenye uchungu wa mwarobaini sikuwahi kuinusa tena tangu nilipokuwa darasa la tatu, Lipangalala, mjini Ifakara, nyumbani kwa mjomba wangu. Ule wa kwake haukuwa uji wa kunywa. Ulikuwa gundi.

Sisi tuliozaliwa bondeni tunajua jinsi msimu wa kilimo unavyoigawa nyumba. Mvua za kwanza zikianguka, wazazi hufunga mikeka, masufuria na mbegu, wakambeba mtoto wa mgongoni, wakaenda mashambani upande wa Malinyi. Huko huishi kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, wakifukuza ndege na nguruwe mpaka mpunga uvunwe. Mtoto wa shule huachwa mjini kwa ndugu. Kwa kuwa kila mtu aliwahi kuachwa hivyo, hakuna aliyeniuliza kama ningeweza.

Mama alinipeleka kwa kaka yake, Mjomba Longino, fundi baiskeli. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono iliyojaa makovu yaliyong'aa kama ngozi ya embe, na aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili. Hakuwa na mke wala mtoto. Nilikuwa nimemwona mara chache tu, kwenye misiba.

"Umtii mjomba wako," Mama alisema. "Alikuwa askari. Anapenda mambo yaliyonyooka."

Akaweka mfuko wangu wa nguo kizingitini, akapanda lori pamoja na Baba na mdogo wangu. Nililiangalia lile lori mpaka likageuka rangi ya vumbi. Nilipogeuka, mjomba alikuwa amekwisha kurudi kwenye kazi yake barazani, ameinamia gurudumu, akinyoosha spoki.

Nilimwamkia. "Shikamoo, mjomba."

Hakujibu.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Siku nyingine nikimwamkia aliitika "Marahaba, mama," kwa sauti kubwa iliyonishtua, akatabasamu kidogo. Siku nyingine nilimwamkia mara mbili, mara tatu, akaendelea kuziba pancha kana kwamba amepitiwa na upepo. Kwa kuwa nilikuwa mtoto, nilitafuta kosa langu. Nikaamini kwamba anaijua kila dhambi yangu ya siku hiyo. Akinijibu, nilijiambia ni kwa sababu nimefagia uwanja vizuri. Asiponijibu, nilikumbuka sukari niliyoiramba kwenye kijiko. Nilifagia mpaka uwanja wa jirani, nilisugua masufuria kwa majivu mpaka yakang'aa nje na ndani, lakini bado kulikuwa na siku alizoninyima salamu. Jioni nilikaa kwenye ngazi nikisikiliza treni ikipiga honi kuelekea Chita na kwingineko. Yeye aliinua kichwa muda mrefu baada ya honi, ardhi ilipoanza kutetemeka, kama mtu aliyesikia kwa miguu. Niliona hilo, lakini sikulielewa.

Jirani yetu alikuwa Mama Zuhura, mwenye duka na cherehani, mwanamke mcheshi ambaye babu zake walitoka pwani kufuata biashara. Siku moja alinipimia mafuta ya taa akaniuliza hali ya mjomba.

"Haongei," nilisema.

"Msamehe, mwanangu. Yule alikuwa ndani ya kifaru, vitani Uganda. Kilipigwa, kikaungua. Alitoka mwenyewe tu."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimebana chupa kifuani. Mwalimu wetu alitufundisha kusema kifaru huyu, kifaru yule. Nikadhani Mama Zuhura amekosea sarufi. Nikamwona mjomba akiwa amemezwa na mnyama mwenye pembe puani, amejikunja tumboni mwake gizani, halafu mnyama anashika moto. Nilidhani ndiyo maana haongei. Nani angeongea baada ya kutapikwa na kifaru?

Mchana mmoja mvua ilinikuta njiani kutoka shule. Nilifika nimelowa chapachapa, nikakuta mlango umetiwa komeo kwa ndani. Baiskeli za watu zilikuwa barazani, zimefunikwa turubai. Niligonga. Niliita. Nilichungulia kwenye ufa nikaona mgongo wa mjomba, ameketi mezani, anafanya kitu kwa mikono yake. Niligonga kwa viganja, kisha kwa ngumi, nikiita jina lake mpaka koo likauma. Ule mgongo haukutikisika. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba sasa amenichoka kabisa. Nilikaa chini barazani na kulia, meno yakigongana, nikiwaza kama mtoto anaweza kutembea kwa miguu mpaka Malinyi wakati mto umejaa.

Mlango ulifunguliwa alipotoka kumwaga maji. Alinikanyaga kidogo. Alishtuka, akaliacha beseni likaanguka, akachuchumaa mbele yangu.

"Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Niligonga," nilisema nikilia. "Nimegonga sana. Nimekuita."

Alinitazama mdomo, siyo macho. Kisha uso wake ukabadilika.

"Mama yako hakukwambia?"

Nilitikisa kichwa.

"Mimi sisikii, mama." Alichukua mkono wangu wa baridi akauweka kwenye sikio lake la kushoto. "Hili limebaki na ufa kidogo. Ukiwa na neno, njoo uliingizie hapa. Hilo jingine lilibaki Uganda."

Hakuna mtu aliyenidanganya. Ukoo mzima ulijua, na kila mmoja alidhani mwingine ameniambia. Zile siku zote alizonijibu, nilikuwa nimesimama mbele yake. Zile alizoninyima, nilikuwa nyuma. Nililia upya, lakini safari hii kwa namna nyingine, na yeye akanifunika koti lake, akaniketisha ndani karibu na jiko la mkaa.

Hapo ndipo nilipokiona. Mezani, juu ya gazeti, palikuwa na sanduku la maboksi ya sabuni yaliyokatwa na kuunganishwa, refu, bapa, limeinama kwa mbele. Kando yake palikuwa na magurudumu ya karatasi, wembe, uzi, na kopo la uji mzito.

Nilisogea kwenye sikio lake. "Ni nini?"

"Kifaru."

Nilikitazama pande zote. "Pembe iko wapi?"

Mjomba alicheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kicheko cha ghafla kisichojipima, kama cha mtu anayecheka usingizini. Akachukua karatasi aliyoiviringisha juu ya spoki, ndefu na nyembamba, akaisimamisha mbele ya sanduku. "Pembe hii hapa." Akanieleza kwamba hili ni gari la vita la chuma, linalotembea kwa minyororo badala ya matairi, na kwamba watu huingia ndani yake kwa miguu yao wenyewe. Ndipo yule mnyama aliyemmeza alipoondoka kichwani mwangu.

Vidole vyake vilikuwa vinene, vimezoea spana. Alikuwa amepasua vipande vingi kwa kuvilazimisha. Nilichukua ukanda mmoja wa pakiti ya sigara, nikaukunja ile mikunjo midogo ya mnyororo aliyokuwa akihangaika nayo, mmoja baada ya mwingine, nikautandaza mbele yake. Aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, akauzungusha, akanipa wembe. Mjini Ifakara mtu mzima kumpa mtoto wembe mpya ni heshima isiyohitaji maneno.

Kuanzia siku hiyo, mchana nilipotoka shule na wateja wakipungua, tulifanya kazi ile. Sijawahi kuona kitu kikitengenezwa kwa uangalifu kama ule. Karatasi za ndani za mifuko ya saruji tulizilowanisha, tukazibandika tabaka juu ya tabaka kwenye boksi mpaka likawa gumu kama ubao. Rangi tuliipata kwa majani yaliyopondwa na masizi ya chungu. Vichwa vya misumari tulivitokeza kwa kudunga karatasi upande wa nyuma kwa ncha ya sindano. Milango ya juu ilifunguka na kufunga kwa bawaba za uzi. Kichwa cha kifaru, kile chenye mzinga, kilikaa juu ya pete ya karatasi iliyopakwa mshumaa ili kizunguke bila kukwama, na hapo mjomba hakukubali makosa. Tulitengeneza pete mpaka nikachukia neno lenyewe.

Mende walitukosesha raha. Asubuhi moja tulikuta wamekula gundi yote ya upande wa kulia, magurudumu yamelala mezani kama sarafu zisizo na thamani. Mjomba alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na majani ya mwarobaini, akayachemsha na kukorogea uji kwa maji yake. Mende hawakurudi tena. Nyumba nzima ilinuka uchungu ule, na nywele zangu, na daftari zangu. Shuleni wenzangu walijitenga nami kwenye dawati, wakasema nanuka hospitali. Sikujali sana. Nilikuwa na mahali pa kwenda saa za shule zikiisha.

Jambo moja lilinishangaza. Tulikuwa tukitengeneza vitu vya ndani pia: viti vinne vidogo, usukani wa fimbo mbili, makombora ya karatasi yaliyopangwa ukutani. Na kati ya kiti cha mbele na chumba cha juu, mjomba aliacha uwazi mwembamba, akaupima na kuupima tena kwa njiti.

"Tukishafunika, nani ataviona?" nilimuuliza sikioni.

"Mgeni."

"Mgeni gani?"

Hakujibu, na safari hii nilijua amenisikia.

Jibu nililitafuta kwa Mama Zuhura. Aliinama juu ya meza ya duka kama mtu mwenye sukari mdomoni. "Mjomba wako ametuma salamu kwa watu wa treni. Kuna mwanamke anakuja kutoka Chita, mpunga ukishavunwa. Makubwa!"

Basi nikajua kila kitu. Mjomba anaoa. Niliunganisha mambo mwenyewe: alipaka kuta chokaa, aliazima kiti chenye mto, alinyoa ndevu kila siku. Kifaru kilikuwa zawadi ya bibi harusi. Nilihesabu vyumba: viwili. Chumba kimoja chake na mkewe, kingine cha watoto watakaozaliwa. Mimi ningelala wapi? Nani angemsogelea sikioni, wakati yupo mwenye haki zaidi? Nilikuwa nimepata mtu mmoja tu msimu ule, na sasa kulikuwa na mwanamke njiani kuja kumchukua. Nikaanza kukunja minyororo polepole, nikidhani kwamba kifaru kisipokwisha, treni nayo haitafika.

Kilikwisha. Mjomba alipachika antena ya waya, akarudi nyuma hatua kadhaa, akakitazama. Nilitegemea atafurahi. Aliketi kitandani, akafunika uso kwa mikono yake yenye makovu, na nikatoka nje kwa sababu sikujua la kufanya.

Mwanamke wa Chita alifika mchana wa Jumamosi. Hakuwa na sura ya bibi harusi. Alikuwa mwembamba, mwenye mvi pembeni mwa kilemba, amebeba kuku mmoja aliyefungwa miguu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Mama Tito." Akamtazama mjomba, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kama askari kwenye gwaride. "Umezeeka, Longino."

Sijui kama alisikia. Alimpokea kuku, akamwonyesha kile kiti chenye mto. Mama Tito alikikataa, akakaa kwenye mkeka, akasema: "Nionyeshe. Sikuja kula." Nilimrudia mjomba maneno hayo sikioni.

Mjomba alikishusha kifaru mezani, akakiweka mkekani kati yao. Akainua paa la kile kichwa, vitu vyote vya ndani vikaonekana. Kisha akatoa kibiriti, akavunja njiti nne, akazipanga kwenye viti. Aliongea kwa ile sauti yake isiyojipima, na nje mashine ya cherehani ya Mama Zuhura ikanyamaza.

"Hapa mbele nilikaa mimi, dereva. Hapa mkubwa wetu. Hapa mpiga mzinga. Na hapa, kulia, Vitalis, mumeo. Yeye alipakia makombora."

Mama Tito alisogeza kidole chake mpaka kwenye njiti ile, lakini hakuigusa.

"Njia ya kutoka kwangu kwenda kwao ni hii," mjomba akasema, akionyesha ule uwazi. "Kichwa kikitazama mbele, mtu hupita kwa kujibana. Tulipopigwa, kichwa kilikuwa kimegeuzwa hivi." Akakizungusha, polepole, kikateleza juu ya nta yake bila sauti. Kuta za ndani zilisogea, ule uwazi ukafungwa. "Kikakwama. Nilitokea mlango wangu, nikapanda juu kuvuta wa kwao. Chuma kilikuwa moto." Akanyoosha viganja vyake. Hakusema zaidi kuhusu viganja.

Mama Tito alimgeukia mtu pekee aliyekuwa karibu, yaani mimi. Alikuwa ametambua kwamba nikisema jambo kwa karibu, hufika.

"Muulize, Vitalis alimwita?"

Nilipiga magoti, nikaweka mdomo wangu kwenye sikio la kushoto la mjomba. "Anauliza kama alikuita."

Ningemwona akifikiri, ningedhani anatafuta uongo mwema. Hakufikiri.

"Aliniita. Kwa jina. Nilimsikia vizuri, na tangu pale sijamsikia mtu mwingine vizuri hivyo."

Mama Tito alikiinamia kifaru. Alirudisha kichwa mbele, akaingiza ncha ya kidole chake kidogo katika uwazi, ikapita. Akakizungusha kama mjomba alivyofanya, akajaribu tena. Haikupita. Alijaribu kwa pembe nyingine, akasukuma, karatasi ikalalamika lakini haikupasuka, maana tuliijenga vizuri. Alijaribu muda mrefu, akitoa machozi bila kwikwi, kama mtu anayetafuta ufunguo aliouweka mwenyewe.

"Msibani kwetu," hatimaye alisema, "mtu alisimama akasema dereva alifunga mlango akakimbia. Nimemlea Tito na neno hilo." Akajifuta uso kwa pindo la khanga. "Mwambie nimechoka kumchukia."

Nikayabeba maneno hayo kama nilivyoyapokea. Sikuyaelewa. Yule niliyemdhania bibi harusi alikuwa amemchukia mjomba wangu tangu kabla sijazaliwa, na mjomba alikuwa amepaka kuta chokaa kwa ajili yake, akanyoa ndevu. "Anasema amechoka kukuchukia."

Mjomba alifumba macho. "Mwambie ahsante. Mwambie yeye apumzike. Mimi bado."

Nilipomwambia, Mama Tito alimtazama sana, kisha akanyanyuka, akafunga khanga kiunoni, akamchinja kuku aliyekuja naye. Tulikula wali pamoja kwenye sinia moja. Kabla ya kwenda stesheni aliinama juu ya kifaru, akaitoa ile njiti ya kulia, akaifundika kwenye pindo la khanga yake. "Kifaru chenyewe kibaki hapa," alisema. "Siwezi kulala nacho nyumba moja."

Wazazi wangu walirudi muda mfupi baadaye, wakiwa weusi kwa jua, wakicheka, lori limejaa magunia. Mama alinikumbatia, akaninusa nywele, akauliza ni dawa gani hiyo. Nilikuwa nimemngoja msimu mzima, lakini mikononi mwake nilijiona mgeni kidogo. Kuna jambo lilikuwa limepita kinywani mwangu ambalo yeye hakulijua, na sikuwa na maneno ya kumwambia.

Mama Tito alikuwa akituma mpunga kwa treni kila mavuno, na mara moja alimtuma Tito mwenyewe, kijana mrefu asiyejua aweke wapi mikono yake. Mjomba hakuoa. Nilikua, nikaenda masomoni, nikaolewa mbali. Kila nilipopita Ifakara nilikaa naye barazani, na mara nyingi hatukuongea.

Safari moja, alipokuwa amekwisha kuacha ufundi na hata lile sikio la kushoto limeanza kufunga, niliinama nikamuuliza kile ambacho nilikuwa nimekibeba tangu utoto.

"Mjomba, ulisema wewe bado. Umeshachoka kujichukia sasa?"

Ilibidi niseme mara mbili. Aliangalia barabara, ambako watoto walikuwa wakirudi shule kwa makundi, na mmoja nyuma peke yake.

"Bado kidogo," alisema.

Kisha akaniuliza kama mvua imeshafika Malinyi.